Uwashaji wa haraka wa Windows: tuuache au tuuondoe?

Mteja mmoja mwenye afisi ndogo ya uhasibu maeneo ya Ngara, Nairobi, alinipigia simu mwezi wa Juni, wakati ambapo kila mtu jijini anakimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za kodi, akaniambia kwamba printa yake haionekani tena kwenye kompyuta. Nilimwomba aizime kompyuta kisha aiwashe. "Fundi, nimeizima na kuiwasha mara tatu tangu asubuhi," akanijibu, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba hanidanganyi. Nilipofika nilifungua Task Manager, nikatazama mahali panapoonyesha muda uliopita tangu mfumo uanze, nikakuta siku 19. Mama huyo huzima kompyuta yake kila jioni kabla ya kufunga mlango. Nilibofya Restart badala ya Shut down, printa ikarudi, nikalipwa nauli ya matatu na chai juu yake, nikaenda zangu.

Siku 19 hizo hazikuwa kosa la hesabu. Zilitokana na kipengele kidogo kiitwacho Fast Startup, ambacho hapa nitakiita uwashaji wa haraka, kinachopatikana katika kila toleo la Windows tangu Windows 8 iliyotoka Oktoba 2012, na ambacho huja kikiwa tayari kimewekwa katika kompyuta nyingi bila mwenye kompyuta kuulizwa. Wengi hawajui kwamba kipo. Baadhi ya mafundi wenzangu hukiondoa katika kila mashine inayopita mikononi mwao, na wengine hawakigusi kabisa kwa sababu kwenye skrini kimeandikwa kwamba kinapendekezwa. Mimi naona pande zote mbili zinaharakisha, kwa kuwa jibu linategemea aina ya diski iliyomo ndani, mtu anayeitumia kompyuta, na kama kuna mfumo mwingine unaoishi pamoja na Windows.

Kinachotendeka unapobofya Shut down

Kompyuta inapofanya kazi, Windows huwa na sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya mtumiaji, yaani kivinjari chako, barua unayoandika na kila dirisha ulilofungua. Ya pili ni ya mfumo wenyewe, yaani kiini (kernel), draiva, ambazo ni programu zinazoendesha vifaa kama printa, na huduma zinazoendelea chini kwa chini. Kipengele kikiwa kimewekwa, Shut down huifunga sehemu ya kwanza kabisa, lakini ile ya pili hunakiliwa kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hadi katika faili iitwayo hiberfil.sys iliyofichwa kwenye diski ya C, na baada ya hapo ndipo umeme unapokatwa. Asubuhi, badala ya kuanza kukijenga kiini upya na kuzipakia draiva moja baada ya nyingine, Windows huisoma nakala ile, huirudisha kwenye RAM, na kukufikisha kwenye ukurasa wa nenosiri.

Kipengele kikiondolewa, sehemu zote mbili hufungwa, hakuna nakala inayoandikwa, na kila asubuhi kazi huanza mwanzo.

Ukitaka mfano wa karibu, mfikirie mwenye kibanda anayefunika bidhaa zake kwa turubai jioni badala ya kuzipakia kwenye mkokoteni na kuzirudisha stoo. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufungua biashara, lakini nyanya iliyooza jana bado imo ndani ya turubai. Printa ya yule mama ilikuwa nyanya hiyo: draiva yake iliingia katika hali mbaya siku fulani, hali hiyo ikanakiliwa pamoja na kiini, na kila asubuhi ikarudishwa kama ilivyokuwa. Restart, kinyume na wanavyodhani wengi, ndiyo humwaga kila kitu na kuanza upya, hata kipengele kikiwa kimewekwa. Kwa hiyo ushauri wa miaka mingi wa "zima kisha uwashe" umegeuka bila tangazo, kwani sasa kuzima ndiko kusiko kamili na kuwasha upya ndiko kamili.

Sekunde zinazookolewa ni ngapi?

Microsoft ilipokieleza kipengele hiki kwa mara ya kwanza mwaka 2011, ilisema kwamba kompyuta nyingi ilizozijaribu zilianza haraka zaidi kwa kati ya asilimia 30 na 70, na kwamba sehemu ya manufaa hayo ilitokana na kutumia kori (core) zote za prosesa kwa wakati mmoja wakati wa kuirudisha nakala. Sina sababu ya kulitilia shaka dai hilo, ila ni vyema kukumbuka kwamba mwaka 2011 kompyuta nyingi bado zilikuwa na diski za kuzunguka, na diski ndiyo msingi wa jambo hili.

Diski ya kuzunguka ya laptopu, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, husoma vizuri ikipewa faili moja ndefu iliyopangwa mfululizo. Hapo inaweza kufikia takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Ukiipa maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, kichwa chake cha kusomea hulazimika kuruka huku na huko, na kasi hiyo huporomoka vibaya. Kuwasha kamili ni kazi ya namna hii ya pili, ilhali kurudisha nakala ya kiini ni kazi ya namna ya kwanza. Ndiyo maana kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka tofauti huonekana kwa macho, na mtu aliyezoea kipengele hiki ataona kana kwamba kompyuta imezeeka ghafla ukimwondolea.

Diski ya SSD, ambayo huhifadhi data kwenye chipu, haina kichwa cha kurukaruka. Hata ile ya kawaida ya SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na faili ndogo zilizotawanyika haziisumbui kwa kiwango kile. Hapo kuwasha kamili kwenyewe ni kwa haraka, na kipengele hubakiwa na sekunde chache tu za kuokoa.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme kwenye SSD kipengele kinaokoa sekunde 5, na kompyuta inawashwa mara moja kwa siku kwa siku 300 za mwaka. Jumla ni sekunde 1,500, yaani dakika 25 kwa mwaka mzima. Tuseme kwenye diski ya kuzunguka kinaokoa sekunde 30. Jumla inakuwa sekunde 9,000, yaani saa mbili na nusu. Asubuhi moja ya kuhangaika na printa mwezi wa Juni, huku wateja wamekaa kwenye benchi wakingoja ritani zao, inazimeza zile dakika 25 na kudai zaidi, lakini haifikii kwa urahisi zile saa mbili na nusu. Nikiri pia kwamba sekunde za asubuhi na mapema si ghali kama sekunde za saa nne kazi ikiwa imeshika kasi, kwa sababu wengi wetu tukishabonyeza kitufe cha kuwasha huenda kutafuta chai.

Kuna sehemu ya subira ambayo kipengele hakiwezi kuipunguza, nayo ni muda ambao kompyuta hujikagua kabla Windows haijaanza kabisa. Task Manager huuonyesha muda huo kwenye ukurasa wa programu zinazoanza zenyewe, kwa jina la "Last BIOS time". Kompyuta za mezani zilizotumika ng'ambo, ambazo tunaziita ex-UK na ambazo zimejaa madukani kuanzia Luthuli hadi Moi Avenue, wakati mwingine hutumia muda mrefu hapo, na mwenye kompyuta hukilaumu au kukisifu kipengele kwa jambo lisilokihusu.

Pale ambapo kosa ni ghali: mifumo miwili katika diski moja

Wanafunzi wengi wa programu jijini huweka Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, kando ya Windows kwenye laptopu moja, na kwao suala hili si la sekunde tena.

Kipengele kikiwa kimewekwa na ukabofya Shut down, kiini cha Windows hulala kikiamini kwamba bado kinazimiliki zile sehemu za diski za NTFS, yaani zilizopangwa kwa mfumo wa faili wa Windows, kilizokuwa kimezifungua, kikiwa pia na kumbukumbu yake kuhusu faili gani iko wapi. Ukiwasha Ubuntu na kuandika faili mpya humo, hali halisi ya diski hubadilika huku kumbukumbu iliyolala ikibaki ya jana. Windows ikiamshwa, huendelea kuandika kwa kufuata ramani ya jana juu ya diski ya leo, na faili zinaweza kuharibika bila onyo lolote. Kwa sababu ya hatari hiyo, draiva ya ntfs-3g ya Linux hukagua kwanza, na ikikuta Windows imelala kwa namna hii hukataa kukuruhusu kuandika. Utaweza kusoma tu, na ujumbe utakueleza kwamba Windows imehifadhiwa na haikuzimwa.

Mwanafunzi asiyejua chanzo chake huuona ujumbe huo kuwa kero ya Linux. Akitafuta njia ya mkato huelekezwa kwenye chaguo liitwalo remove_hiberfile, ambalo huifuta nakala ile ili diski ifunguke. Njia hiyo hufanya kazi, lakini humwagia Windows hali yake iliyohifadhiwa, na kama siku hiyo Windows ilikuwa imelazwa kwa Hibernate (usingizi mzito nitakaoueleza mbele) pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa, kazi hiyo imekwenda. Dawa iliyo salama ni kukiondoa kipengele upande wa Windows na kuachana na chaguo hilo. Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni kwamba hatari haiko kwenye diski ya C peke yake: sehemu ya D ambayo mtu ametenga kwa ajili ya muziki na kazi za chuo, ili mifumo yote miwili iitumie, nayo hubaki imeshikwa vilevile ikiwa ni ya NTFS.

Hatari hiyohiyo huwafuata mafundi wanaookoa data. Laptopu inaletwa ikiwa "imezimwa", fundi anaitoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta yake kwa adapta, ananakili faili, anafuta virusi viwili vitatu, kisha anairudisha. Kama Windows ya mteja ilizimwa kwa uwashaji wa haraka, fundi ameandika kwenye diski ambayo mwenyewe amelala tu. Mimi siku hizi, ikiwa kompyuta ya mteja bado inawaka, huizima kwa njia kamili kwanza kabla ya kushika bisibisi, na sioni sababu ya fundi yeyote kufanya kinyume chake.

Kwa kundi hili sioni cha kulinganisha. Mwenye mifumo miwili akiondoe kipengele siku ileile anayoweka mfumo wa pili.

Stima ikipotea

Nimesikia hoja mbili zinazopingana kuhusu umeme wa Nairobi. Moja inasema kwamba kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara, tunakihitaji kipengele hiki ili kompyuta zirudi haraka. Nyingine inasema kwamba kwa kuwa stima hupotea, kipengele hiki kitaharibu kompyuta zetu. Zote mbili hazijafika kwenye ukweli.

Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani inatumika, hakuna nakala ya kiini iliyokuwa imeandikwa, kwa kuwa nakala huandikwa tu wakati wa kuzima. Kompyuta ikiwashwa tena itaanza mwanzo, kipengele kiwepo kisiwepo. Usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda sehemu kubwa ya nchi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kila kompyuta ya mezani iliyokuwa ikitumika bila UPS, yaani betri ya akiba, ilipata uanzishaji kamili iliporudi hewani. Naweza kusema, kwa mzaha kidogo, kwamba kukatika kwa umeme huzipa kompyuta za saiba kile ambacho Shut down huzinyima.

Tatizo halisi ni dogo zaidi na linahusu swichi ya ukutani. Katika saiba nyingi mhudumu hubofya Shut down kwenye mashine zote jioni, skrini zikaingia giza, kisha akazima swichi ukutani au kwenye ekstensheni papo hapo. Lakini skrini huingia giza kabla ya kazi kwisha. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka nakala bado inaandikwa, na taa ndogo ya diski bado inapepesa. Umeme ukikatwa hapo, mara nyingi Windows huitupa nakala isiyokamilika na kuanza mwanzo kesho yake, kwa hiyo hupati hata zile sekunde ulizokuwa ukizitafuta. Kukatiza diski ya kuzunguka katikati ya kuandika pia ni mazoea mabaya kwa diski yenyewe. Mhudumu asiyeweza kungoja taa izimike hana faida yoyote na kipengele hiki.

Mwenye saiba anayetaka kuwasha mashine zake zote kutoka kaunta kupitia waya wa mtandao naye ajue kwamba uwashaji wa haraka huivuruga huduma hiyo, kwa sababu Windows ikizimwa kwa namna hii haiiachi kadi ya mtandao ikisubiri wito.

Masasisho, nafasi ya diski na uchakavu

Baadhi ya masasisho ya Windows hukamilika tu kompyuta inapoanza kikamilifu. Anayetumia Shut down peke yake kila siku, na ambaye hapendi kubofya Restart, anaweza kubeba sasisho lililokaa nusu njia kwa muda mrefu. Microsoft yenyewe imekiri katika maelezo yake ya msaada kwamba masasisho huenda yasisakinishwe ikiwa kipengele hiki kinatumika. Kwa wale ambao bado wako kwenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hoja hii imepungua uzito. Kwa wenye Windows 11 bado ina nguvu zake zote.

Kuhusu nafasi, faili ya hiberfil.sys kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, na inaweza kupunguzwa hadi asilimia 20 ikiwa inatumika kwa uwashaji wa haraka pekee. Kwenye mashine ya RAM ya gigabaiti 8 hiyo ni gigabaiti 3.2 au 1.6. Mwenye diski ya gigabaiti 500 hatasikia chochote. Mwenye laptopu ndogo ya gigabaiti 64, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, atazisikia.

Ama hoja kwamba kuandika nakala kila jioni kunaichakaza SSD, naiona kuwa dhaifu. Megabaiti mia kadhaa kwa siku ni kidogo sana ukilinganisha na uwezo wa diski hizo wa kuandikwa, na kivinjari chako huenda kinaandika zaidi ya hapo unaposoma habari za asubuhi.

Kuna njia nyingine ya kuamka haraka

Ulinganisho huu hautakuwa wa haki tukisahau kwamba Windows ina njia mbili nyingine zenye lengo linalokaribiana na hili. Sleep, ambayo naiita usingizi mwepesi, huacha kila kitu ndani ya RAM na kuendelea kutumia umeme kidogo. Hibernate, usingizi mzito, huandika kila kitu kwenye diski, kiini pamoja na madirisha yako yote, kisha hukata umeme kabisa.

Ukiviweka vitatu hivi kando kwa kando, uwashaji wa haraka ndio unaonekana kuwa wa ajabu. Sleep hukurudishia kazi yako ndani ya sekunde chache. Hibernate hukurudishia kazi yako baada ya muda mrefu kidogo, bila kula betri. Uwashaji wa haraka haukurudishii kazi yako, kwa kuwa madirisha yote yamefungwa, na wala haukupi mfumo uliooshwa, kwa kuwa kiini ni kilekile cha juzi. Mtu anayetaka kufungua laptopu na kuendelea pale alipoachia atahudumiwa vizuri zaidi na Sleep ikiwa betri yake ni nzima, au na Hibernate ikiwa betri ni ile ya laptopu iliyotumika ng'ambo miaka mitano kabla ya kufika Luthuli. Anayetaka kuanza siku na kompyuta safi atahudumiwa na uzimaji kamili. Anayebaki ni yule anayezima kila jioni kwa mazoea, hajali kuhusu madirisha, na ana diski ya kuzunguka. Watu hao bado ni wengi jijini, na kwao kipengele kina maana.

Sleep si salama kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kwani stima ikipotea kilichokuwa kwenye RAM hupotea nayo, isipokuwa pale ambapo Windows imewekwa kuandika nakala ya tahadhari kwenye diski kabla ya kulala. Hibernate nayo mara nyingi haionekani kwenye menyu ya kuzima, na hulazimu kuiongeza kutoka ukurasa uleule wa mipangilio nitakaoutaja hapa chini.

Uamuzi wangu kwa kila aina ya mashine

Mashine yenye SSD: ningekiondoa. Kinachopatikana ni sekunde chache kwa siku, na kinachopotea ni imani kwamba kuzima ni kuzima. Mtu anayemsaidia mzazi wake aliye mashambani kwa simu ataona thamani ya imani hiyo siku ya kwanza tu atakapomwambia azime na awashe, na ikasaidia.

Mashine yenye diski ya kuzunguka na mfumo mmoja: ningekiacha, lakini kwa sharti la Restart moja kwa wiki. Na kama kuna fedha za kununua SSD, zitumike huko kwanza, kwa sababu badiliko hilo hupunguza kila subira ya siku nzima, ilhali kipengele hiki hupunguza ya asubuhi peke yake.

Mashine yenye mifumo miwili, au inayoletwa kwa fundi mara kwa mara, nimeshazisemea.

Kukiondoa hufanywa kwenye Control Panel, ndani ya Power Options, kwenye kiungo "Choose what the power buttons do". Visanduku huwa vimefifia hadi ubofye "Change settings that are currently unavailable" ukiwa na ruhusa ya msimamizi, kisha unaondoa alama kwenye "Turn on fast startup". Wengine hutumia amri ya powercfg /h off, nayo hufanikisha jambo hilo na kurudisha nafasi yote ya hiberfil.sys, lakini huondoa Hibernate pia, na nimewahi kukutana na mteja aliyeikasirikia amri hiyo miezi sita baada ya fundi mwingine kuitumia bila kumweleza. Ikumbukwe pia kwamba baada ya sasisho kubwa la mfumo ni vyema kurudi na kukagua, kwani nimekuta alama imerejea pale nilipokuwa nimeiondoa.

Kujua kompyuta yako iliwashwa vipi leo si vigumu. Fungua Event Viewer, ingia kwenye kumbukumbu za System, utafute tukio nambari 27 la chanzo kiitwacho Kernel-Boot. Likionyesha aina 0x0, uwashaji ulikuwa kamili. 0x1 ni uwashaji wa haraka. 0x2 ni kuamka kutoka Hibernate. Pima kwa saa ya simu yako asubuhi tatu kipengele kikiwepo, na asubuhi tatu kikiwa kimeondolewa, kuanzia kubonyeza kitufe hadi ukurasa wa nenosiri. Vipimo hivyo sita vya mashine yako vitakufaa kuliko makadirio yangu.

Kuna pia njia ya katikati. Ukishika kitufe cha Shift unapobofya Shut down, Windows huzima kikamilifu mara hiyo moja. Amri ya shutdown /s /t 0 nayo huzima kikamilifu, kwa kuwa uzimaji wa nusu kupitia amri huhitaji kuombwa waziwazi kwa kuongeza /hybrid.

Hiyo ndiyo njia niliyoichagua Ngara. Kompyuta ya yule mama ina diski ya kuzunguka, naye hakuwa tayari kununua nyingine katikati ya msimu wa ritani, kwa hiyo nilikiacha kipengele kama kilivyo, nikatengeneza aikoni kwenye skrini yenye amri ile, nikaipa jina ZIMA KABISA, nikamwomba aitumie kila Ijumaa jioni. Nilipita hapo wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi mchana, nikafungua Task Manager kabla hata ya kuketi. Ilisoma siku 3 na saa 4.